Tumeiona Geneva: siku kumi katika miji ya Uswisi



Tangu tuliporudi mwezi wa Desemba 2023 hakuna wiki inayopita bila mtu kutusimamisha njiani, bombani au kwenye mstari wa posho na kutuuliza: "Walimu, ni kweli mlifika Geneva?" Wengine wanauliza kwa furaha, wengine kwa hasira kidogo, kama watu waliosikia kwamba tumeonana na mdeni wao. Jibu tumelitoa mara nyingi mpaka tumechoka, na kila mara tunasahau kitu. Ndiyo maana tumeona heri tuandike yote mara moja humu katika jarida letu, ili hata bibi aliyeko mwisho wa zoni asomewe na wajukuu wake.

Kwanza tukumbushane jambo moja. Huku kambini neno Geneva si jina la mji. Ni kama jina la mtu. "Geneva wamekataa." "Faili yangu iko Geneva." "Geneva wamekata posho." Siku moja mtoto wa darasa la tano aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyo Geneva ana watoto?" Darasa zima lilicheka, lakini sisi hatukuwa na jibu zuri. Tulimwonyesha nukta kwenye ramani, akaitazama, akatutazama sisi, akakaa chini. Hakuridhika.

Basi mwaka 2023 ikatokea bahati. Tarehe 13 hadi 15 Desemba kulikuwa na Jukwaa la Dunia la Wakimbizi mjini Geneva, na pembeni yake kulikuwa na mikutano ya vijana na walimu. Sisi wawili, walimu wa kujitolea, tukaitwa kueleza namna mtu anavyofundisha watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja. Habari za viza na za hati ya kusafiria ya wakimbizi hatutaziandika, maana zingejaza ukurasa huu wote. Itoshe kusema kwamba ruhusa ilifika siku mbili kabla ya ndege kuondoka, wakati mabegi tulikuwa tumeshayafungua.

Usiku wa kuagana walikuja watu wa aina tatu. Wa kwanza walileta koti, soksi na kofia, Mungu awabariki, maana bila wao tungekufa na baridi. Wa pili walituvuta pembeni wakanong'ona: "Nyinyi bado vijana. Mkifika msirudi." Wa tatu walileta karatasi. Karatasi nyingi tulizikataa kwa heshima. Lakini Mama mmoja jirani yetu hatukuweza kumkatalia. Alileta bahasha ya kaki, ndani yake picha ndogo ya mtoto wa miaka sita. Huyo ni mwanawe waliyepoteana Kiwanja, Novemba 2008, wakati wa vita. "Mpeni mkubwa wa Geneva mkononi," akasema. "Msimpe katibu."

Tulipanda ndege Entebbe usiku, tukapitia Addis Ababa, na Jumamosi tarehe 9 asubuhi tukashuka Geneva.

Jambo la kwanza: giza. Mwezi wa Desemba jua la kule linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Unakunywa chai gizani, unarudi nyumbani gizani. Jambo la pili: ukimya. Tramu inapita imejaa watu na huwezi kusikia hata mmoja akipiga kelele. Hakuna konda. Hakuna anayekuuliza tiketi mlangoni, unaingia tu. Ila mkaguzi akitokea na huna, utalipa faini ya kukutoa machozi. Sisi tulipewa kadi ya bure, maana wageni wanaolala hotelini Geneva wanapewa kadi ya usafiri wa mjini kwa siku zao zote. Hata hivyo tuliishika mkononi kila wakati. Mkimbizi hawezi kuacha mazoea ya kushika karatasi.

Mji wenyewe umekaa mwishoni mwa ziwa, pale mto Rhône unapotoka. Ziwa hilo linaitwa Léman. Ni zuri, maji ni safi mpaka unaona mawe chini. Lakini wana-Kivu, msijidharau. Léman lina kilomita za mraba kama 580, na Ziwa Kivu letu linalizidi zaidi ya mara nne. Tena la kwetu lina kina zaidi. Sambaza tu ndizo hatukuziona.

Ndani ya ziwa kuna maji yanayorushwa juu kwa pampu, yanaitwa Jet d'Eau. Siku mbili za kwanza hatukuona kitu, kwa sababu upepo ukiwa mkali wanayafunga. Siku ya tatu tukayakuta yamesimama kama mti mweupe, mita 140 kwenda juu, lita 500 kila sekunde. Tulipiga hesabu pale pale ufukoni: madumu ishirini na tano ya lita ishirini, kila sekunde, na yote yanarudi ziwani, hakuna anayechota. Mmoja wetu akasema, "Hii foleni ya bomba letu ingekwisha kabla ya kupiga chafya." Maji hayo hayakuanza kama pambo. Mwaka 1886 kulikuwa na kiwanda cha kusukuma maji kwa ajili ya mashine za mafundi, na jioni mafundi wakizima mashine maji yalizidi nguvu mabombani, ndipo wakayafungulia njia ya kutokea juu. Watu wakapenda kuyatazama, na mwaka 1891 wakayahamishia pale yalipo sasa.

Tulifika wakati wa sikukuu yao kubwa, Escalade. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1602 askari wa Savoy walikuja kimya kimya na ngazi, wakapanda ukuta wa mji watu wakiwa wamelala. Wanasimulia kwamba mama mmoja, Mère Royaume, alikuwa na chungu cha supu ya mboga jikoni, akakimwaga chote dirishani, supu na chungu, juu ya kichwa cha askari. Mji ukaamka, askari wakashindwa. Na sikilizeni hili: mama huyo hakuwa mzaliwa wa pale. Alikuwa mkimbizi, ametoka Lyon kule Ufaransa na mumewe kwa sababu ya kuuawa kwa Waprotestanti. Mpaka leo kila familia inanunua chungu cha chokoleti kilichojazwa mboga za peremende, na mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote katika nyumba wanakishika pamoja na kukivunja. Katika nyumba tuliyoalikwa walikuwa nyanya mwenye fimbo na mtoto wa miaka minne. Mtoto alipiga mara tatu chungu hakikuvunjika. Nyanya akapiga mara moja.

Habari ya wakimbizi wa Geneva haiishii hapo. Mhubiri Calvin mwenyewe, ambaye sanamu yake ni ndefu kuliko nyumba zetu tukiziweka mbili, alikuwa mkimbizi kutoka Ufaransa. Hizo saa za Uswisi ambazo kila tajiri wa Afrika anataka mkononi, nazo zilikua kwa ufundi wa wakimbizi. Calvin hakutaka watu wavae vito, sonara wakakosa kazi, na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa wakaja na ujuzi wa kutengeneza saa. Mwaka 1601 mafundi saa wa Geneva walikuwa tayari na chama chao. Tulisimama mbele ya dirisha la duka moja tukaona saa ya mkononi ya faranga elfu arobaini. Faranga moja ilikuwa zaidi ya shilingi elfu nne za Uganda, hesabuni wenyewe. Hatukuingia. Mlinzi alitufungulia mlango kwa adabu, sisi tukamwambia asante, tunapita tu.

Jumanne tulikwenda upande wa Umoja wa Mataifa. Mbele ya lango kuna kiti cha mbao chenye urefu wa mita 12, mguu mmoja umevunjika vipande vipande. Kiliwekwa mwaka 1997 kukumbusha watu waliokatwa miguu na mabomu ya kutegwa ardhini. Kwa sisi tuliopita njia za porini hakuhitajiki maelezo. Nyuma ya lango bendera zimepangwa mistari miwili mpaka kwenye jumba kubwa jeupe lililojengwa kati ya 1929 na 1938, na katika bustani yake wanatembea tausi, wanapiga kelele kama paka waliokanyagwa. Mji huo ndimo ulipopitishwa Mkataba wa Wakimbizi, tarehe 28 Julai 1951. Tuliambiwa jambo ambalo shuleni hatukufundishwa: mkataba huo ulitungwa kwa ajili ya watu waliokimbia mambo yaliyotokea kabla ya Januari 1951, na nchi ziliruhusiwa kuuhesabu kwa matukio ya Ulaya peke yake. Ni itifaki ya mwaka 1967 iliyoondoa mpaka huo. Kwa hiyo karatasi tunayoidai haki zetu iliandikwa kwanza kwa ajili ya Wazungu waliokuwa wakilala kambini kama sisi.

Hatua chache kutoka hapo kuna jengo la UNHCR. Ndugu wasomaji, ndilo hilo "Geneva" lenyewe. Ni jengo la ofisi lenye vioo vingi, watu wanaingia asubuhi na kikombe cha kahawa mkononi na kutoka jioni wakikimbilia basi. Tulikuwa na ile bahasha ndani ya koti. Mwenyeji wetu, mtu mwema aliyefanya kazi hizi miaka mingi, alituuliza tumebeba nini, tukamwambia. Akakaa kimya kidogo, kisha akatueleza polepole. Faili la mtu mmoja mmoja haliamuliwi ndani ya vioo vile. Linafunguliwa na kushughulikiwa katika nchi uliyokimbilia. Na chakula, akasema, hata hakitoki Geneva, maana makao makuu ya WFP yako Roma. (Kwa hiyo mnaposema Geneva wamekata posho, mnamsingizia.) Kuhusu mtoto aliyepotea, akaongeza, kazi hiyo ni ya Msalaba Mwekundu, nayo pia inaanzia kambini. Akatuonyesha mlima mdogo ng'ambo ya barabara: "Nendeni mkaone jumba lao la makumbusho."

Tukaenda. Msalaba Mwekundu ulianzishwa Geneva mwaka 1863 na Henry Dunant na wenzake wanne, baada ya yeye kuona majeruhi wameachwa uwanjani huko Solferino mwaka 1859. Baadaye biashara yake ilianguka, akauacha mji wake kwa aibu ya madeni, akaishi kimaskini miaka mingi, na mwaka 1901 akapewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya amani. Hayo tulikuwa tukiyajua kidogo. Ambayo hatukuyajua ni makabati. Kuna chumba kimejaa masanduku ya kadi, mamilioni ya kadi za karatasi, za wafungwa wa Vita Kuu ya Kwanza. Kila kadi jina. Mama aliandika barua kuuliza mwanangu yuko wapi, karani akafungua sanduku, akatafuta kwa vidole. Kisha ukigeuka unakutana na picha za watoto wa Rwanda waliopoteana na wazazi wao mwaka 1994, nyuso nyingi, zinakutazama. Ilikuwa kama kutazama darasa letu. Mmoja wetu alitoa bahasha ndani ya koti akaishika tu, hakuifungua. Mlinzi wa chumba alituona, akatuacha.

Mikutano ilikwenda kama mikutano inavyokwenda. Tulisema, tukapigiwa makofi, tukala mikate midogo.

Jumamosi na Jumapili ndipo tulipopewa tiketi za treni za siku nzima, tukaambiwa nendeni popote. Hapa lazima tuseme juu ya saa za stesheni. Zina mkono mwekundu wa sekunde, umbo lake kama kibao cha mkuu wa stesheni, na zilibuniwa na injinia Hans Hilfiker mwaka 1944. Mkono huo ukifika juu unasimama kidogo, sekunde moja na nusu hivi, unangoja, halafu dakika inaruka na treni inaondoka. Tulitazama stesheni nne, zote hivyo hivyo. Nchi nzima inavuta pumzi pamoja.

Lausanne ni dakika kama arobaini kutoka Geneva. Mji umejengwa kwenye mteremko mkali kama Bukavu, ila hakuna nyumba inayoporomoka. Wana treni ya chini ya ardhi isiyo na dereva, inapanda kilima peke yake tangu mwaka 2008. Mmoja wetu alikaa kiti cha mbele kabisa akajifanya anaendesha, watoto wa Kizungu wakamwonea wivu. Hapo ndipo yalipo makao ya Kamati ya Olimpiki tangu 1915, na jumba lake la makumbusho liko ufukoni. Tulikumbuka timu ya kwanza ya wakimbizi, Rio 2016, watu kumi, na kati yao wawili ni Wakongomani wa judo, Popole Misenga na Yolande Mabika. Vijana wa mpira wa zoni yetu, mmesikia.

Juu ya Lausanne, kijiji cha Savigny, ndiko Mobutu alikokuwa na jumba lake. Hatukufika huko, tulionyeshwa upande tu. Alipoangushwa mwaka 1997 Uswisi ilizizuia mali zake. Miaka kumi na miwili wanasheria wakavutana, na mwaka 2009 zile faranga kama milioni 7.7 zilizobaki zikarudishwa kwa warithi wake. Kwa wananchi haikufika hata faranga moja. Tulipomsimulia mzee mmoja hapa kambini, aliyewahi kuwa mwalimu wa serikali wakati wa Zaire na kukaa miezi bila mshahara, hakusema neno. Aliomba tu tumwandikie hiyo namba kwenye karatasi.

Bern ndiyo makao ya serikali tangu 1848, lakini ni mji mdogo mtulivu. Mto Aare unauzunguka kama mkono unaokumbatia. Njia za zamani zina baraza zenye paa mfululizo, kilomita sita kwa jumla, unaweza kuzunguka mji mzima kwenye mvua usilowe. Wana mnara wa saa wenye vikaragosi vinavyocheza kila saa inapokaribia kugonga. Na wana sanamu moja juu ya chemchemi, ya karne ya 16, jitu linakula mtoto mchanga, kichwa kimeshaingia mdomoni, na watoto wengine wako ndani ya mfuko wanangoja zamu yao. Liko katikati ya mji na wazazi wanapita hapo na watoto wao! Tulipiga picha. Tangu tuwaonyeshe darasa la tatu, hakuna anayechelewa. Dubu wa Bern, ambao ndio alama ya mji, hatukuwaona. Wakati wa baridi wanalala.

Katika mtaa wa Kramgasse, namba 49, tulipanda ngazi nyembamba mpaka kwenye nyumba aliyopanga Albert Einstein kuanzia 1903 hadi 1905. Ni vyumba vidogo, mtu, mke na mtoto. Mchana alikuwa karani wa ofisi ya hataza, na mwaka 1905 akaandika karatasi zilizobadili sayansi yote ya fizikia. Nasi tunapenda mjue hili, hasa nyinyi wanafunzi mnaosema hamna nchi: Einstein aliuacha uraia wa Ujerumani mwaka 1896, na mpaka alipopata wa Uswisi mwaka 1901 hakuwa raia wa nchi yoyote. Miaka mitano. Alisoma chuo kikuu akiwa hivyo.

Usiku tukiwa njiani kurudi tukashuka tena Lausanne, kwa sababu tulisikia habari tusiyoiamini. Saa nne kamili usiku, juu ya mnara wa kanisa kuu, alitokea mtu na taa. Akaita kwa sauti ndefu, kwa Kifaransa, kwamba ni mlinzi, saa nne imegonga. Akaita upande huu, akazunguka akaita upande wa pili, pande zote nne. Kazi hiyo imekuwepo tangu 1405, zamani alikuwa anaangalia moto. Simu kila mtu anayo, zimamoto wapo, naye bado anaita kila saa mpaka saa nane usiku. Tulisimama chini na shingo zimeinuka. Sisi sauti za usiku tunazozijua ni nyingine.

Jumapili tulianza na Luzern. Ni mji wa picha kwelikweli, milima imesimama ukutani mwake. Daraja lao la mbao, Kapellbrücke, ni la karne ya 14. Liliungua Agosti 1993 na sehemu kubwa ya michoro yake ya kale ikapotea, lakini mwaka uliofuata walikuwa wameshalijenga upya. Karibu na hapo kuna simba aliyechongwa ndani ya mwamba, anakufa, mkuki mgongoni. Ni kumbukumbu ya askari wa Uswisi waliouawa Paris tarehe 10 Agosti 1792 wakimlinda mfalme wa Ufaransa. Tuliuliza, Waswisi walitafuta nini Paris? Kumbe zamani milima hii ilikuwa na njaa, na vijana waliuza mikono yao kwa wafalme wa nje ili watume fedha nyumbani. Simba huyo tulimtazama muda mrefu kuliko maduka yote ya Zurich.

Kwa habari ya milima: mlima mrefu kuliko yote ya Uswisi, Dufourspitze, una mita 4,634. Margherita ya Rwenzori ina 5,109. Na Kivu ya Kaskazini peke yake ni pana kuliko Uswisi nzima. Wazee wa Masisi wanajua kwamba nchi yao iliitwa Uswisi ya Afrika, kwa vilima, ng'ombe na fromaji yake. Tulionja jibini ya kule. Tunasema kwa haki: ni nzuri, lakini mwenzetu aliyezaliwa Masisi alitikisa kichwa.

Zurich ni mkubwa kuliko miji yote ya huko, watu zaidi ya laki nne, mji wa benki. Kanisa la Mtakatifu Petro lina uso wa saa wenye upana wa mita 8.7, yaani mkubwa kuliko darasa letu la nne. Mjini kuna chemchemi zaidi ya 1,200 na maji yake yote yananywewa. Baada ya kuona kahawa inauzwa zaidi ya faranga nne, yaani zaidi ya posho ya mwezi ya baadhi yetu kwa mwaka huo, tulikunywa chemchemi mpaka tukashiba. Kitu kimoja tulilipia, kuingia kanisa la Fraumünster kuona vioo vya rangi vya Marc Chagall, vilivyowekwa mwaka 1970. Huyo naye alikimbia vita, mwaka 1941, kwa sababu ni Myahudi. Mchana ulikuwa unaisha, kioo cha bluu kikawa kinazima taratibu. Basel hatukufika, muda ulikwisha.

Jambo la mwisho tulilisubirisha kwa sababu ni gumu kuandika. Tulikutana Geneva na dada mmoja wa kwetu, wa Uvira. Alitusikia tukiongea Kiswahili ndani ya tramu akaruka kiti. Alitupikia ugali na sombe ya kopo, tukala mpaka tukaona usingizi. Ana miaka mingi huko. Miezi yake ya kwanza alilazwa chini ya ardhi, katika handaki lililojengwa kwa ajili ya vita, bila dirisha. Sasa ana kitambulisho cha herufi F, maana yake umekubaliwa kwa muda tu. Kutoka nchini ni mpaka apewe ruhusa, naye hajaipata. Mama yake alifariki Baraka, alimzika kwa simu. Akatutazama akasema: "Nyinyi mko kambini lakini mmepanda ndege mkaja na mtarudi. Mimi niko Ulaya na siwezi kwenda." Tukamwuliza, na sisi je, tukibaki? Hakutujibu ndiyo wala hapana. Alituongezea sombe.

Usiku wa mwisho hatukulala. Hatutawadanganya eti tulirudi kwa sababu ya upendo wa shule peke yake. Tulikaa kila mtu kitandani kwake na taa imezimwa, na kila mmoja alikuwa anajua mwenzake anawaza nini. Alfajiri mmoja akasema, "Mtihani wa mwezi wa pili nani atautunga?" Mwingine akaanza kufunga begi.

Chungu cha chokoleti tulichopewa kilifika kambini kimeyeyuka na kuganda tena. Tulikikata kwa kisu, kila mtoto wa darasa la tano akapata kipande cha ukubwa wa kucha. Yule aliyeuliza habari za Geneva alikitia mfukoni, hakula.

Mama tulimwendea siku ile ile. Tulimrudishia bahasha kwa mikono miwili tukamweleza yote. Alisikiliza, kisha akasema: "Mngeisukuma hata chini ya mlango." Tukakosa neno. Wiki iliyofuata tulimsindikiza kwa watu wa Msalaba Mwekundu hapa hapa kambini, kilomita mbili kutoka nyumbani kwake. Waliuliza jina, majina ya wazazi, kijiji, mara ya mwisho alivaa nini, alama yoyote mwilini. Kovu la moto, mkono wa kushoto. Walipiga nakala ya picha, wakamrudishia ya kwake.

Tangu Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na M23, wageni wapya wamekuwa wakifika, na Mama anakwenda kituo cha mapokezi na bahasha yake kutazama vijana wa umri ule. Jibu bado. Kila mwanzo wa mwezi anapita shuleni wakati wa mapumziko. Tunamtolea kiti kivulini, anatuuliza kama kuna habari, kisha anaomba tumsimulie tena lile jumba la kadi.